Kusoma Vazi la Paka

Hotuba hii niliitoa mbele ya mkutano wa wafugaji wa paka na wanafunzi wa tiba ya wanyama. Naiweka hapa nzima, kama ilivyotamkwa, kwa ajili ya wenzetu ambao hawakuweza kufika. Picha zilizoonyeshwa ukutani nimeziacha.

Mheshimiwa Mwenyekiti, walimu wangu, wafugaji, wanafunzi, mabibi na mabwana,

Naomba nianze na kosa langu mwenyewe. Miaka mingi iliyopita, nilipokuwa bado kijana ninayejifunza kazi ya kutibu wanyama, jirani yetu mmoja, mama mtu mzima, alinijia amebeba katoni. Ndani yake alikuwamo paka wake, jike mwenye tumbo jeupe na mabaka ya rangi ya chungwa yaliyochanganyika na mengine meusi yasiyo na mstari hata mmoja. Pamoja naye walikuwamo watoto wake wanne. Wa kwanza alikuwa wa rangi ya chungwa, wa pili mweusi tititi, wa tatu wa rangi ya udongo mwenye milia, na wa nne mwenye mabaka kama mamaye. Yule wa milia alikuwa dume. Wengine wote walikuwa majike, na baadaye wote watatu walikuja kuzaa, kwa hiyo jinsia zao hazina shaka. Yule mama akaniuliza swali moja tu: "Mwanangu, hawa baba yao ni mmoja?"

Nikamjibu kwa ujasiri wa mtu aliyesoma mihula miwili: "Mama, rangi haisemi kitu. Paka ni paka." Akanitazama kidogo, akafunika katoni yake, akaenda zake.

Rangi haisemi kitu! Ndugu zangu, katika kazi hii nimesema mengi ya kujutia, lakini hilo ndilo linaloongoza. Rangi husema. Vazi la paka humtaja mama, humtaja baba, hutaja jinsia, hutaja joto la mwili, na wakati mwingine hutuambia kama mnyama anasikia au hasikii. Leo nimekuja kuifuta ile sentensi yangu, na swali la yule mama nitalijibu kabla sijashuka jukwaani. Naomba mmkumbuke kila paka wa katoni ile.

Sasa niwaulize ninyi mliokaa mbele: paka wana rangi ngapi? Nasikia kumi. Nasikia ishirini. Huyu bwana anasema hazihesabiki. Mimi nawaambia ni mbili. Ipo melanini, yaani chembe za rangi, nyeusi, na ipo melanini nyekundu ambayo machoni petu huonekana kama chungwa. Basi. Nyeupe si rangi, ni mahali ambapo rangi haikufika. Kijivu ni ile ile nyeusi, ila chembe zake zimejikusanya mafungumafungu ndani ya unyoya badala ya kusambaa sawasawa, hivyo mwanga unapenya katikati na jicho linaona kijivu; na wekundu ukifanyiwa hivyo hivyo unageuka kuwa rangi ya malai. Paka wa rangi ya chokoleti naye ana weusi, isipokuwa weusi wake haukuiva. Tofauti zote mnazozijua zinatokana na wino huu wa aina mbili na mikono michache inayouzuia, inayouchelewesha au inayouhamisha.

Mkono wa kwanza mnaweza kuuona kwa macho yenu nyumbani. Chukueni unyoya mmoja uliopukutika wenyewe mgongoni mwa paka wa milia, si kwenye mlia mweusi bali katikati ya milia miwili, muuweke juu ya karatasi nyeupe karibu na dirisha. Ncha ni nyeusi. Chini ya ncha kuna mkanda wa manjano. Chini ya mkanda weusi unarudi, halafu shinani kabisa pana kijivu. Unyoya mmoja, hadithi nzima! Ulipokuwa ukiota, seli zilikuwa zikitia wino mweusi. Ikaja amri kutoka kwa jeni inayoitwa aguti kwamba zibadili, zikatia manjano kwa siku kadhaa. Amri ikaondolewa, zikarudi kwenye weusi. Katika mlia mweusi amri hiyo haisikiki, ndiyo maana unyoya wake ni mweusi karibu wote. Hivyo ndivyo alivyo kimburu, paka mwitu wa Afrika na Mashariki ya Karibu ambaye paka wetu wote wa nyumbani ni wajukuu zake, na vazi hilo la milia myembamba ndilo walilokuja nalo kwa binadamu.

Vipi, basi, kuhusu paka mweusi? Paka mweusi ni paka wa milia ambaye jeni yake ya aguti imekufa. Herufi mbili tu za vinasaba zimekosekana, amri ya kubadili wino haitoki tena, na weusi umejaa kila mahali hadi milia imezama ndani yake. Lakini haikufutika. Mtoeni paka mweusi nje saa za jua kali, hasa akiwa mchanga, mumtazame kwa upande: mtaiona milia yake kama maandishi yaliyopigwa rangi juu. Lazima kasoro hiyo itoke kwa mama na kwa baba pia; aguti moja nzima inatosha kuirudisha milia. Mniwekee akiba jambo hilo, tutalihitaji.

Na ajabu ni kwamba kifo cha aguti hakiugusi wekundu hata kidogo. Ndiyo sababu paka wa rangi ya chungwa daima ana milia, hata iwe hafifu kiasi gani. Wapo watakaokuja kuniambia wana paka wa chungwa asiye na mlia. Nitawaomba waangalie paji la uso na mkia, halafu tuzungumze.

Mabibi na mabwana, nimetaja milia mara nyingi bila kueleza nani anaichora. Hapa nitawapeleka kwa mnyama mwingine. Mwaka 1926, katika nchi ambayo leo ni Zimbabwe, ilipatikana ngozi ya duma wa ajabu, ambaye badala ya madoa alikuwa na michirizi mipana mgongoni na mabaka makubwa yaliyoungana ubavuni. Mwaka uliofuata mtaalamu wa wanyama wa Uingereza, Reginald Pocock, alimtangaza kuwa spishi mpya kabisa na kumpa jina la Kilatini lenye maana ya mfalme. Baadaye mwenyewe akaufuta uamuzi huo. Kisha mwaka 1981, katika kituo cha kuzalishia duma huko Afrika Kusini, mama mwenye madoa ya kawaida akazaa mtoto mwenye vazi la kifalme. Spishi haikuwa mpya. Ilikuwa kasoro ndogo ya urithi iliyokuwa imejificha kwa wazazi wa kawaida.

Lakini hadithi haikuishia hapo. Mwaka 2012 watafiti walichapisha matokeo kwamba jeni iliyoharibika kwa duma yule ndiyo ile ile iliyoharibika kwa paka wa nyumbani ambao milia yao haishuki wima kama miiba ya samaki, bali ni mipana na inajipinda ubavuni kama maziwa yaliyokorogwa katika kahawa. Paka aliyelala juu ya kiti chako na mfalme wa duma wamechorwa na kalamu moja! Tena mchoro huu wa kujipinda ni wa juzijuzi. Vinasaba vilivyotolewa katika mifupa ya paka wa kale, na kuchapishwa mwaka 2017, vinaonyesha kwamba haukuonekana hadi Zama za Kati, ukaanzia upande wa magharibi wa Asia, na haukuwa wa kawaida hadi karne ya 18. Kwa maelfu ya miaka paka aliishi nasi akiwa amevaa nguo ile ile ya kimburu.

Na mchoro huo huwekwa lini? Wazee walisema udongo uwahi ungali maji, na ngozi ya paka inawatii. Mwaka 2021 ilionyeshwa kwamba mimba ikiwa bado changa, kabla unyoya hata mmoja haujaota na kabla rangi yoyote haijatiwa, ngozi ya kijusi tayari imegawanyika katika sehemu nene na sehemu nyembamba zilizopangwa kwa milia. Wino unapokuja unakuta mistari imeshapigwa.

Sasa naingia katika jambo ninalolipenda kuliko yote, nanyi mtanisamehe nikikaa hapo muda mrefu. Nazungumzia paka wa mabaka, mwenye weusi na uchungwa katika mwili mmoja. Kwa nini karibu wote ni majike?

Jeni inayoamua kama seli itatia weusi au wekundu imekaa juu ya kromosomu X, mojawapo ya vifurushi viwili vya vinasaba, X na Y, vinavyoamua jinsia. Dume ana X moja, aliyopewa na mama, na Y moja ya baba. Basi ama ni wa chungwa, ama si wa chungwa, hana njia ya tatu. Jike ana X mbili, moja ya mama na moja ya baba. Anaweza kupokea agizo la uchungwa upande huu na la weusi upande ule. Seli zake zitamtii nani?

Mwaka 1949, huko Kanada, Murray Barr na Ewart Bertram walikuwa wakichunguza seli za neva za paka kwa hadubini. Wakagundua kwamba seli za majike zina nukta ndogo nyeusi ambayo seli za madume hazina. Miaka 12 baadaye, mwaka 1961, mwanasayansi wa Uingereza Mary Lyon, aliyekuwa akifanya kazi na panya wenye mabaka, akatoa maelezo ambayo yameendelea kusimama: katika mwili wa jike, mapema sana ndani ya tumbo la mama, kila seli huchagua X moja ya kusikiliza na kuifunga nyingine. Hupiga kura kwa bahati nasibu. Na ikishachagua, watoto wake, wajukuu wake na vitukuu wake wote hushika uamuzi huo huo hadi mwisho. Ile nukta ya Barr ndiyo X iliyofungwa. Basi kila baka la chungwa mnaloliona ni ukoo mmoja wa seli zilizomtii mzazi mmoja, na kila baka jeusi ni ukoo uliomtii mwingine. Mnatazama kura iliyopigwa kabla paka hajawa na macho.

Kura hiyo ina uzito gani? Tarehe 22 Desemba 2001, katika Chuo Kikuu cha Texas A&M nchini Marekani, alizaliwa paka wa kwanza duniani aliyenakiliwa kutoka seli ya paka mwingine. Aliitwa CC. Paka aliyetolewa seli aliitwa Rainbow, naye alikuwa na mabaka: weupe, weusi na uchungwa. Vinasaba vya CC vilikuwa vile vile vya Rainbow. Je, alitoka na mabaka yake? Hakutoka nayo! CC alikuwa na milia ya hudhurungi na weupe, bila hata unyoya mmoja wa chungwa. Seli ile moja iliyochukuliwa ilikuwa imeshapiga kura yake, X ya uchungwa ilikuwa imefungwa, na ikaendelea kufungwa katika mwili mpya. CC aliishi miaka 18, akazaa, akafa mwaka 2020. Kila ninaposikia mtu anataka kumnakili paka wake wa mabaka ili ampate tena "yule yule", namkumbuka CC, na huwa nanyamaza kwanza nisije nikamvunja moyo.

Mtaniuliza: mbona tumewahi kumwona dume wa mabaka? Yupo. Inakadiriwa kuwa ni mmoja tu katika paka 3,000 wa mabaka. Kwa kawaida amezaliwa na X mbili pamoja na Y yake, na karibu kila mara ni tasa. Anayewauzia dume wa namna hiyo kwa bei ya juu akisema mtapata mbegu yake, anawauzia upepo.

Na kwa nini paka wengi wa chungwa ni madume? Ni hesabu ya watoto wa shule. Tuseme katika kila X tano, moja ina uchungwa. Dume anahitaji moja tu, kwa hiyo dume mmoja katika watano atakuwa wa chungwa. Jike anahitaji mbili, moja ya baba na moja ya mama: moja ya tano mara moja ya tano, jike mmoja katika 25. Jike wa chungwa si muujiza, ila ametoka mbali. Jambo hili lilifahamika tangu mwanzoni mwa karne ya 20, lakini jeni yenyewe ilikuja kukamatwa juzi tu. Mwaka 2025 makundi mawili, moja la Chuo Kikuu cha Stanford huko Marekani na jingine la Chuo Kikuu cha Kyushu huko Japani, yalichapisha jibu moja kwa wakati mmoja: ni pengo la herufi 5,000 hivi katika vinasaba vya X. Pengo! Uchungwa wote mnaoupenda unatokana na kitu kilichoanguka njiani.

Nimesema nyeupe ni mahali ambapo rangi haikufika, na neno "haikufika" nililikusudia. Seli za rangi huzaliwa kando ya uti wa mgongo wa kiinitete, kisha zinasambaa kuelekea chini. Zikiwa chache au zikichelewa, sehemu za mbali hukosa: vidole, kifua, tumbo. Ndiyo maana mnaona paka mweusi aliyevaa soksi nyeupe, lakini hamwoni paka mweupe aliyevaa soksi nyeusi, ukimtoa paka wa Siam ambaye nitamfikia sasa hivi.

Seli hizo hizo za rangi zina kazi nyingine: zinahitajika ndani ya sikio. Mwaka 1859 Charles Darwin aliandika kwamba paka wenye macho ya bluu ni viziwi bila kukosa, na katika matoleo ya baadaye akalegeza kidogo, akasema kwa kawaida wale weupe kabisa. Alikuwa karibu na ukweli. Wengi wa paka weupe wenye macho mawili ya bluu hawasikii, na mwenye jicho moja la bluu akiwa kiziwi wa sikio moja, mara nyingi ni lile la upande wa jicho hilo. Niliwahi kuangusha sinia la chuma sakafuni, nyuma ya mtoto wa paka mweupe aliyekuwa akinywa maziwa. Watu watatu chumbani walishtuka. Yeye hakuinua hata kichwa. Mwenye paka huyo alikuwa akimpiga kwa "ukaidi" wa kutokuja anapoitwa. Wafugaji, nawasihi: kabla hamjamwita paka mweupe mkaidi, pigeni makofi nyuma yake.

Paka wa Siam nimemweka karibu na mwisho kwa sababu aliwahi kuniponza. Rangi yake hutengenezwa na kimeng'enya, yaani kichocheo cha mwilini, dhaifu kinachofanya kazi kwenye ubaridi na kulala kwenye joto. Tumboni mwa mama ni joto kila mahali, kwa hiyo anazaliwa mweupe. Akitoka nje, masikio, pua, miguu na mkia hupoa kuliko kiwiliwili, vikageuka vyeusi. Amevaa ramani ya joto la mwili wake. Watafiti wa Moscow walilionyesha hilo mwaka 1930, walipowanyoa paka hawa na kuona kwamba wakikaa kwenye baridi manyoya yanayoota upya huwa meusi. Mimi nilikuwa nimelisoma. Lakini siku nilipomnyoa paka wa Siam ubavuni ili nimpasue, sikukumbuka kumtahadharisha mwenyewe. Baada ya wiki kadhaa akarudi, uso umemwiva kwa hasira, ameshika paka mwenye baka jeusi la mraba ubavuni, akadai nimembadilishia mnyama wake. Ilinichukua saa nzima ya maelezo, na nadhani hakuniamini mpaka manyoya yale yalipopukutika na kuota mengine ya rangi hafifu.

Sasa turudi kwenye katoni.

Mtoto wa kwanza: jike wa chungwa. Ili awe hivyo, X zake zote mbili lazima ziwe za uchungwa, kwa hiyo baba alimpa X ya uchungwa. Mtoto wa pili: jike mweusi. Ili awe hivyo, hana X ya uchungwa hata moja, kwa hiyo baba alimpa X isiyo na uchungwa. Na baba ana X ngapi? Nasikia mnajibu wote: moja! Moja tu. Hawezi kutoa hii leo na ile kesho. Basi baba walikuwa wawili, jambo ambalo si geni kwa paka, kwani jike akiwa katika joto, yaani siku za kutaka dume, hukubali madume kadhaa, na mimba moja ikabeba watoto wa baba tofauti.

Nilipokwisha kulielewa hili, nilimfuata yule mama nyumbani kwake kumwomba radhi. Nikamweleza habari za X, za baba, za kura. Akanisikiliza hadi mwisho, kisha akacheka. "Mwanangu," akasema, "wale madume nilikuwa nawaona kwa macho yangu wakiruka ukuta, mmoja wa chungwa na mmoja mweusi. Nilitaka tu kujua kama huko shuleni mnafundishwa."

Nikamwuliza kama dume mweusi alikuwa mweusi kweli, bila mlia. Akasema tititi. Nikamwambia: basi yule mtoto wa milia ni wa baba wa chungwa, kwa sababu mama mwenye mabaka meusi yasiyo na mstari hana aguti nzima ya kumpa, na dume mweusi naye hana, aguti ile ilitoka kwa yule wa chungwa, na X isiyo na uchungwa ikatoka kwa mama.

Akanyamaza, akamtazama paka wake wa milia aliyekuwa amelala kizingitini.

"Hilo," akasema, "sikulijua."

Asanteni sana kwa kunisikiliza.